Nywele za Mgongoni

Mimi ni mkali. Nalisema mapema kwa sababu yeyote anayenifahamu atalisema, na afadhali lisikike kwangu kwanza. Katika zahanati niliyofanya kazi miaka mingi, vijijini huko si mbali na Mugoma, wilaya ya Ngara, kina mama walikuwa wakiniona nashuka kwenye pikipiki asubuhi, benchi zima linanyamaza. Mtoto mwenye makamasi nilimrudisha akafutwe. Mtoto mwenye ukoko kichwani nilimrudisha akaogeshwe. Mama aliyesahau kadi nilimwambia akaifuate, hata kama kwake ni mwendo wa saa nzima wa kupanda na kushuka vilima. Nilijiona nachapa kazi. Na ni kweli kwamba watoto wa pale walikuja kliniki wamesuguliwa, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, na mgeni yeyote kutoka wilayani alitusifu kwa usafi. Sifa hizo nilizipokea zote peke yangu.

Mimi si mtu wa Ngara. Nimezaliwa Biharamulo, ni Msubi, na nilipangiwa kazi Ngara nikiwa bado msichana. Kihangaza nilijifunza cha salamu na cha kuuliza mtoto anaharisha tangu lini. Wengi wa kina mama wa benchi lile walikuwa na wazazi waliokimbia kutoka Burundi au Rwanda, wakazaa hapa, wakalima hapa, wakazikwa hapa. Kiswahili ndicho tulichokutania. Lakini Kiswahili chao kilikuwa cha shule na cha ofisini: kiliwatosha kunijibu, hakikuwatosha kunibishia. Sikuwahi kuona kwamba hilo ni tatizo. Nililiona ni nidhamu.

Mtoto ninayetaka kumsimulia aliletwa siku ambayo haikuwa ya kliniki. Alikuwa msichana wa miaka sita, na walimleta wawili: mama yake, mwanamke mwembamba asiyesema sana, na bibi yake mzaa baba, ambaye alisema kwa niaba ya wote. Mtoto alikuwa amekanyaga kaa la moto jikoni. Nilipouliza lini, bibi akasema siku tatu zilizopita. Nikafoka kwa nini walikaa siku tatu. Bibi akanieleza kwamba hawakujua, mtoto hakusema. Waligundua kwa harufu.

Nilimketisha kwenye kiti, nikafungua kitambaa walichomfunga, nikaanza kusafisha. Kidonda kilikuwa kirefu, chini ya kisigino cha kushoto, na nyama iliyokufa nililazimika kuikata. Watu wazima huwa wanashikwa na ndugu wawili kwa kidonda kama kile. Yule mtoto alikuwa anamtazama kuku aliyekuwa akiparura nje ya mlango.

"Huyu hariagi, nesi," bibi akasema, na nilisikia fahari. "Tangu mdogo. Sindano hariagi, mwiba hariagi. Ana roho ya mwanaume."

Nikachukua koleo nikabonyeza pembeni ya kidonda, kwa makusudi, kwa nguvu ambayo sikupaswa kuitumia. Mtoto akanigeukia. Akaniuliza kama yule kuku ni wangu.

Mtoto asiyelia anapoguswa kidonda kama kile si shujaa, ila hapati habari za mguu wake. Niliweka koleo chini nikaanza kumtazama kwa mara ya kwanza, nami nilikuwa nimempima uzito tangu akiwa mchanga.

Viatu vyake vya mtumba vilikuwa jozi moja, lakini ndani ya cha kushoto mama alikuwa ameshindilia kitambaa ili kisivuke. Nilisimamisha nyayo zake mbili sambamba juu ya sakafu. Ule wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole gumba, umepinda juu katikati, na vidole vimejikunja vinashika sakafu kama vinaogopa kuanguka. Sketi yake ilinuka mkojo. Nilipouliza, bibi alijibu haraka kwamba hilo ni tabia. Ni kikojozi, amechapwa haachi, chekechea wamemrudisha, wenzake wanamwimbia. Mama yake alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Ameanza kuuburuta mguu lini?" nikamuuliza yeye, si bibi.

"Tangu mavuno ya maharage," akasema. "Mwanzo nilidhani anacheza." Kisha akauliza swali ambalo naamini alikuwa nalo kwa miezi. "Atatembea, nesi?"

Hilo ndilo lililokuwa swali letu tangu siku ile: kama mtoto huyu angeendelea kutembea au angeishia kukaa chini. Nilimwambia kesho asubuhi tunakwenda Ngara, mimi na yeye na mtoto, na bibi abaki. Bibi hakupenda, lakini nilishasema ya kuwa mimi ni mkali.

Mjini Ngara, hospitalini, tulipokewa na daktari kijana ambaye ningeweza kumzaa. Nilikwenda na barua yangu ya rufaa na maneno mengi kichwani. Hakuyahitaji. Alimwambia mtoto avue viatu, atembee hadi dirishani na kurudi. Akamwambia atembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka, na mguu wa kushoto ukawa unapiga sakafu pa, pa, kila hatua. Akamketisha ukingoni mwa kitanda, akampiga kwa nyundo ndogo ya mpira chini ya goti, kisha nyuma ya kifundo. Goti liliruka. Kifundo hakikufanya kitu. Akarudia mara tatu, kwa subira ambayo mimi sina, halafu akamwambia mtoto afumbe macho, awe anasema "sasa" kila akiguswa na ncha ya kijiti. Mkononi alisema sasa. Tumboni alisema sasa. Pajani alisema sasa. Kutoka nusu ya mguu kwenda chini kukawa kimya, na mtoto amefumba macho anatabasamu, anangoja aguswe.

Mama aliona. Hakuna aliyemfafanulia, lakini aliona kijiti kinagusa na mwanawe hasemi. Aliziba mdomo kwa kiganja.

Kisha kikaja kipimo cha ultrasaundi. Daktari alimwagiza mtoto aende chooni kwanza, akojoe mpaka amalize. Aliporudi alimpaka ile dawa ya baridi tumboni, akapitisha kile kishikio, akanionyesha kwenye kioo. Kibofu kilikuwa kimejaa pomoni. Mtoto alikuwa ametoka kukojoa dakika ile ile. Mkojo uliokuwa ukimlowesha kila siku haukuwa wa kukojoa; ulikuwa ule unaomwagika kwa sababu chombo kimejaa na hakuna anayekifungua. Mirija inayoshusha mkojo ilikuwa imetanuka, na figo zote mbili zimeanza kuvimba kwa kurudishiwa mkojo kutoka chini. Nikakumbuka "amechapwa haachi." Walikuwa wamemchapa kwa kibofu kisichosikia amri ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe.

"Mgeuzeni," daktari akasema.

Alilala kifudifudi. Daktari alishuka kwa kidole kutoka shingoni, pingili kwa pingili, polepole. Alipofika juu kidogo ya makalio akasimama. Akarudi nyuma, akapita tena. Akaniita nishike. Nilishika. Kulikuwa na kibonyeo kidogo, ngozi imeingia ndani kama kitovu cha pili, na kukizunguka, eneo la upana wa kiganja cha mtoto, palikuwa pakavu na pakali kama kidevu cha mwanaume aliyenyoa juzi.

"Hizi ni nini?" daktari akauliza.

"Nywele," mama akajibu. "Namnyoaga."

"Tangu lini?"

"Tangu mchanga. Alizaliwa nazo, ndefu. Namnyoaga kila wiki ya kliniki."

"Kwa nini?"

Alitazama sakafu. Nami nilimtazama yeye, na hapo, kabla hajafungua mdomo, nilijua. Niliogopa, na sitaki kuipa hofu hiyo jina zuri zaidi.

"Kwa usafi tu," akasema.

"Nani alikuambia umnyoe?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe."

Siwezi kusema naikumbuka siku alipomleta mara ya kwanza. Sikumbuki. Ninachokumbuka ni sentensi, kwa sababu nilikuwa naisema kila wiki, kwa yeyote aliyenionyesha nywele, ukoko au vipele: "Mnyoe, umlete akiwa msafi." Nilikuwa naisema bila kuinua uso kwenye rejista. Mama yule alikuja na mtoto wa siku chache, akajaribu kwa Kiswahili chake kile cha kujibu tu, akasema mtoto ana nywele hapa nyuma, nami nikampa sentensi. Akaenda kutii. Alitii kwa miaka, kwa wembe na sabuni, kila mwezi, ili nisimrudishe.

Na mizani yetu ilimsaidia kutii. Watoto tunawaning'iniza kwenye mizani kwa kikaptura cha kitambaa, mama anamvisha mwenyewe mwanawe, na kikaptura kinaanzia juu ya kiuno. Kinafunika mahali pale pale. Mgongo wazi naujua, mtoto anazaliwa na uvimbe mgongoni au na kidonda, hauhitaji macho makali. Wake ulikuwa umefunikwa na ngozi nzima, na Mungu au maumbile, mwite utakavyo, alikuwa ameacha alama moja tu ya kuonyesha kwamba hapa chini kuna kitu hakikufungwa sawasawa. Alama hiyo mimi niliagiza inyolewe.

Daktari aliandika "mama amekuwa akinyoa" kwenye faili, akaendelea na mambo mengine. Hakuniuliza chochote. Nilitoka nje nikasimama kwenye veranda, upepo wa kilima kile unapuliza, na nilichokihisi kilikuwa nafuu. Nilishukuru kwamba mama amesahau. Naandika hivyo hivyo kama ilivyokuwa, ingawa najua itasomwaje.

Tulikwenda Mwanza wiki iliyofuata kwa kipimo ambacho Ngara hakipo, ile mashine kubwa ya MRI inayopiga picha ya ndani ya mgongo. Nilijitolea kusindikiza, na kila mtu zahanati alisema nina moyo. Tulipanda basi asubuhi. Kabla ya Nyakahura, tayari tumeshaingia Biharamulo, kiti cha mtoto kilikuwa kimelowa, na abiria wa nyuma alilalamika mpaka kondakta akaja kusimama juu yetu. Nilimpa maneno kondakta yule ambayo siwezi kuyaweka hapa. Nyakanazi, magari yaliposimama, mama alimshusha mwanawe nyuma ya kibanda cha ndizi za kuchoma, akamvua, akamwosha kwa maji ya chupa. Nilishika kitenge kuwaziba. Kwa nyuma niliona mgongo wa mtoto. Tangu Ngara mama hakuwa amenyoa, kwa kuwa daktari alimkataza, na nywele zilikuwa zimeshaanza kutoka, nyeusi, laini, zimelalia upande mmoja.

Bingwa wa Mwanza alikuwa mtu mzima, mpole, mchovu. Alitundika picha kwenye taa akatueleza mimi na mama pamoja, na alichagua maneno ya nyumbani. Alisema ndani ya mgongo inapita kamba kuu ya mishipa ya fahamu, inayopeleka amri na kuleta habari. Kwa watu wote kamba hiyo inaishia juu ya kiuno na inaning'inia huru, ili mtoto anapokua iweze kupanda. Ya mtoto huyu ilizaliwa imenaswa chini kabisa, imeshikwa na mafuta na ngozi pale kwenye kibonyeo.

"Mbuzi ukimfunga kamba fupi, akikua kamba haikui," akasema. "Inamkaza. Huyu kila alivyorefuka, ilimvuta. Sasa mishipa ya mguu na ya kibofu imeshachoka kuvutwa."

"Mtaikata hiyo kamba?" mama akauliza.

"Tutaiachia. Mguu hautazidi kuharibika, au tunaomba usizidi. Lakini kilichokwisha kufa hakirudi. Mkojo sidhani kama utarudi." Akageuza picha nyingine. "Angeonekana akiwa na wiki chache, hata ultrasaundi ya kawaida ingetosha, maana mifupa ya mchanga bado ni laini, unaona ndani. Tungemfanyia mapema. Pengine msingejua hata kama alikuwa na tatizo."

Mama akauliza kwa sauti ndogo sana, "Ni wembe wangu?"

"Wembe gani?"

"Namnyoaga. Nilimkata mshipa?"

"Hapana, mama. Wembe unapita juu ya ngozi. Hukumkata chochote." Kisha bingwa akanigeukia mimi. "Wewe ndiye nesi wa zahanati yao? Umefanya kazi nzuri. Wengi wangefunga kidonda wakamrudisha nyumbani."

Nilikuwa na nafasi hapo. Kulikuwa na watu watatu chumbani na mlango umefungwa. Niliinamisha kichwa, nikasema ni wajibu wetu.

Upasuaji ulifanyika. Mtoto alilala kifudifudi siku nyingi, na mama alijifunza kitu ambacho nilikuwa nimewaona wauguzi wazima wakitetemeka kukifanya: kumwingiza mwanawe mpira wa mkojo, msafi, taratibu, kila baada ya saa chache, ili kibofu kimwagike na figo zipone. Alijifunza kwa siku mbili. Mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko yangu. Tulirudi Ngara mtoto akitembea kwa chuma cha kushikilia kifundo, anachechemea, na mama amebeba mipira na beseni lake. Bingwa alikuwa ametuambia kwamba kwa mguu tuseme ahsante. Kwa kibofu hakusema kitu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Lakini kijijini habari ilifika kabla yetu, na ilifika kombo. Bibi alisikia "mgongo" na "mshipa" na "kunyoa," akaviunganisha mwenyewe. Kufikia wiki ya pili sokoni ilikuwa inajulikana kwamba mkaza mwana wake alimkata mtoto mshipa wa mgongo kwa wembe. Nilisikia kwa mtu aliyeleta mtoto chanjo. Nikasikia tena kwa mwingine, ambaye aliongeza kwamba mume hasemi naye, na kwamba wanazungumzia kumrudisha kwao. Kwao kwenyewe hakukuwa na mtu. Wazazi wake walitoka Burundi wakati wa vita, walishakufa, na kaka yake mmoja alirudi huko huko. Hakuwa na mjomba wa kuja kukaa kitako na kumtetea.

Mimi nilifanya nini? Nilibadilisha kliniki. Hilo ndilo nililoweza, kwa kuwa halikuhitaji nifungue mdomo. Nilianza kumgeuza kila mtoto mchanga, kumvua kabisa, kupitisha kidole mgongoni kutoka shingoni hadi chini. Niliwaambia kina mama wasinyoe kitu chochote mpaka nimekiona. Nilisema kwa sauti ile ile niliyokuwa nayo. Wao wakaona tu kwamba nesi sasa anakagua na migongo.

Wiki iliyofuata migongo ikaja imesuguliwa, imepakwa mafuta, inateleza. Mtoto mmoja wa mwezi mmoja nilimkuta na mkwaruzo mbichi wa wembe juu ya makalio. Nilimuuliza mama yake kulikuwa na nini pale. Akasema hakukuwa na kitu, malaika tu, vinyweleo vya kawaida vya mtoto, lakini alitaka awe msafi zaidi. Alikuwa ameshaanza kumfunga mwanawe mgongoni. Alidhani nitamrudisha.

Nilifunga rejista. Nilikwenda chumba cha sindano nikalia, na nilikuwa sijalia kazini tangu niianze kazi hiyo. Jioni, kabla jua halijashuka, nikapanda pikipiki kwenda nyumbani kwa yule mama.

Nilimkuta uani, kati ya jiko na migomba, anachemsha mipira kwenye sufuria. Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka na chuma chake mguuni, anachambua maharage. Bibi alikuwa shambani kwa chini, tunamwona mgongo tu. Mama aliinuka haraka aliponiona, akafuta mikono, "shikamoo nesi," akaanza kutafuta kiti. Nilimwambia asitafute. Nikamwambia niliyokuja kumwambia, wima, kwa Kiswahili rahisi kadiri nilivyoweza ili lisipotee neno. Kwamba ulinionyesha mtoto akiwa mchanga. Kwamba mimi ndiye niliyekuambia unyoe. Kwamba sikutazama. Kwamba ningetazama, asingekuwa na chuma kile. Kwamba kosa si la wembe wako, ni langu, na kwamba nitamwita mkwe wako sasa hivi nimwambie hivyo hivyo mbele yako, na kesho nitamwambia mumeo.

Hakushtuka. Alitazama kule shambani, kisha akanisogelea karibu, akashusha sauti.

"Najua, nesi. Ulikuwa umevaa sweta la bluu. Nilikuonyesha, hukugeuka."

"Mbona Ngara hukusema? Daktari alikuuliza."

"Ulikuwa umesimama pale."

"Na sasa? Kwa nini unakubali wakuseme hivyo?"

"Bambe, tafadhali, usimwambie," akasema, na akanishika mkono, jambo ambalo hakuna mama wa benchi lile aliyewahi kunifanyia. "Ukimwambia, atakuja pale zahanati kukutukana mbele ya watu. Namfahamu. Halafu wewe utakasirika." Aliweka kiganja chake kingine tumboni, juu ya kitenge. "Nina miezi minne. Hapa hakuna nesi mwingine. Nitajifungulia wapi?"

Nilimwambia sitakasirika. Nilimwapia. Aliitikia kwa kichwa, haraka, mara nyingi, jinsi wanavyonikubalia wote, na mkono wake ulibaki umenishika kwa nguvu mpaka niliposema basi, sitamwambia.

Bibi alikuwa ameshaniona, anapanda kutoka shambani na jembe begani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasisitiza kunisindikiza hadi barabarani ilipokuwa pikipiki. Njiani alinishika bega. Alisema Mungu anipe miaka mingi kwa kumwokoa mjukuu wake.

"Bila wewe, nesi," akasema, "yule mwanamke angemmaliza kwa wembe wake."

Nikamjibu, "Asante, mama."